Hesabu ya Orvali

Kwetu mwaka una milango miwili,
mmoja wa serikali, mmoja wa kanisa,
na Malkhazi alisema basi tusione haya
kuutoboa wa tatu.

Ilikuwa Kutaisi, tarehe kumi na nne Januari,
tisini na tatu, ghorofa ya sita,
umeme umekatika siku ya tisa.
Jiko la mafuta ya taa lilikohoa sebuleni.
Mama alikuwa foleni ya mkate tangu alfajiri,
mia mbili na kumi na nne kiganjani, kwa wino.
Sisi tulikuwa na fomu za reli za baba:
upande mmoja treni ambazo hazikuja tena,
upande wa pili mweupe.

Malkhazi, miaka kumi na mitatu, akatundika miezi miwili
juu ya dunia aliyoiita Orvali.
Mimi nilitaka mitatu.
Akasema mitatu itatushinda kulisha.
Akanikaririsha mpaka meno yakaacha kugongana:

*Mdogo, kumi na tisa;
Mkubwa, hafanyi kosa,
thelathini akigusa
huongeza moja tena.*

Mwaka wao: midogo kumi na sita, siku mia tatu na nne.
Sikukuu yao: usiku miezi yote miwili inapojaa pamoja,
kila baada ya siku mia tano themanini na tisa.
Alizidisha kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha,
akafuta kwa kiwiko, akazidisha upya.
Miaka miwili kasoro mwezi, alisema,
kwa hiyo sikukuu itakuwa inarudi kinyumenyume,
itapita kwenye mavuno, itapita kwenye matope,
na mwaka wa thelathini na moja ukiisha
itakanyaga pale pale ilipoanzia.
Siku elfu tisa mia nne ishirini na nne.
Akaipigia mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Majina yalikuwa kazi yangu.
Mwezi wa Sabuni. Mwezi wa Magoti.
Mwezi wa Jirani Kapika.
Kisha nikaomba siku moja isiyo na namba,
siku ambayo hakuna anayepanga foleni
wala anayezeeka.

"Kokoto kwenye mchele," akasema.
"Ukiiweka hiyo, miezi yote itapotea njia."
"Ni dunia yako, itii."
"Ikinitii itakuwa si dunia."

Nikachana pembe ya fomu. Akanifinya.
Mama akaingia na nusu ya mkate,
wino wa kiganja umehamia kwenye gamba lake,
tukaigawana ile namba, tukaila, hatukusema neno.

Baada ya hapo, mambo ya watu wote:
yeye akabaki, akafundisha hisabati, akanyoa ndevu, akafuga tena.
Mimi nikaenda Bari kulea wazee wa watu.
Hatukuitaja Orvali. Siri yangu ni kwamba nilihesabu,
si kila siku, ila sikuwahi kupoteza hesabu.

Tarehe tatu Novemba, elfu mbili na kumi na nane.
Jumamosi. Nilimwosha miguu Bi Addolorata
kwenye beseni la bluu, simu nimeiweka juu ya taulo.
Jioni nikachungulia angani:
mwezi hakuna, hata mmoja.
Simu ikakaa kimya kama kigae.
Nikasema moyoni, ni mtoto tu alikuwa,
nani hukumbuka deni la dunia ambayo haipo.

Kesho yake, saa moja asubuhi, ikalia.

"Heri ya sikukuu," alisema.
"Umechelewa siku nzima, Malkhazi."
"Sijachelewa."
Nilisikia birika lake likianza kuchemka,
na yeye akiliacha lichemke.
"Jana haikuwa na namba," alisema.
"Niliiingiza usiku ule ule, umelala.
Ilinibidi nisukume miezi yote miwili."

Kisha, kwa sauti ya mtu anayekagua daftari:
"Uliifanyia nini?"

Nikalitazama beseni, limepinduliwa, limekauka.
"Niliosha miguu," nikasema. "Nilingoja."
"Foleni?"
"Hapakuwa na foleni."